Mikutano ya Watu wa Mitandao na Mabadiliko ya Jamii, Kisumu na Majirani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya tunaulizwa karibu kila mwezi. Majibu yameandikwa na mmoja wa waandaaji wa vikao vya Kisumu, ila yanawafaa pia walioko Nakuru, Kakamega, Busia na kwingineko wanaotaka kuanzisha vyao.

Hii ni mikutano ya nini hasa?

Ni kikao cha mara moja kwa mwezi cha watu wanaotumia mitandao ya kijamii na wanaotaka jambo fulani libadilike wanakoishi. Huja mwalimu anayesimamia kundi la wazazi kwenye WhatsApp, mwendesha boda boda anayepiga picha za mashimo ya barabara, msichana wa TikTok mwenye wafuasi wengi, mhudumu wa afya ya jamii kutoka Nyalenda au Obunga, wakili kijana, mtangazaji wa redio. Tunachukua tatizo moja la hapa kwetu, tunaulizana nani anajua nini kulihusu, kisha tunagawana kazi.

Hatufundishani namna ya kuongeza wafuasi. Mafunzo hayo yapo kwingi na mengine ni mazuri, ila si kazi ya kikao hiki.

Wazo lenyewe si geni. Huko San Francisco, Marekani, shirika la TechSoup lilianzisha NetSquared, mpango wa kuwakutanisha mafundi wa teknolojia na watu wa mashirika ya kijamii, na kwa kuwa walikutana Jumanne vikao vyao vikaitwa Net Tuesday. Miji mingi duniani ikaiga. Huku kwetu tuna mizizi ya zamani zaidi ya hiyo: baraza, kamukunji, na mabunge ya wananchi kama lile la bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi.

Kwa nini tusumbuke kukutana na kundi la WhatsApp tayari lina mamia ya watu?

Kwa sababu mamia hao hawajuani. Mtu anaandika kwamba maji yamekatika tena Manyatta, anajibiwa kwa vikaragosi vya hasira, na baada ya nusu saa ujumbe wake umefunikwa na tangazo la mchango wa mazishi na mabishano ya mpira. Hakuna aliyeangaliwa usoni akaulizwa: wewe utafanya nini, na lini?

Halafu kuna suala la kuaminiana. Siku mwenzako anapokamatwa, au akaunti yake inapodukuliwa na kuanza kuomba watu pesa, unahitaji kujua jina lake halisi, anakoishi, na ndugu yake wa kupigiwa simu ni nani. Mambo hayo watu huambiana wakiwa wameketi pamoja.

Kumbuka kesi ya Busia ya mwaka 2013. Msichana wa miaka 16 alibakwa na genge la wanaume mwezi Juni. Polisi waliwaadhibu washukiwa kwa kuwafyekesha nyasi kituoni, kisha wakawaachilia. Gazeti la Daily Nation lilipoifichua habari hiyo Oktoba, ombi la mtandaoni lilikusanya sahihi zaidi ya milioni moja, hashtegi ya #JusticeForLiz ikaenea (Liz ni jina alilopewa ili kumficha), na wanaharakati wakaandamana Nairobi. Aprili 2015 wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha miaka 15.

Sahihi zile ziliwalazimisha wakubwa kuamka, na ninaziheshimu. Lakini hesabu mwenyewe: kutoka tukio hadi hukumu ni karibu miaka miwili. Hashtegi huchoka baada ya wiki chache. Kesi ya namna hiyo huhitaji watu wa kusindikiza mashahidi, wa kukaa na familia, wa kuuliza faili liko wapi kila kesi inapoahirishwa. Watu hao lazima wawe karibu, na lazima wajuane. Mkutano wetu upo kwa ajili yao.

Kuna mifano mingine ya hapa nyumbani?

Ipo, na wageni huishangaa kuliko sisi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, Nakuru, alitumia Twitter kuendesha usalama wa lokesheni yake, akiandika zaidi kwa Kiswahili. Alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu, akatuma ujumbe, majirani wakajitokeza na wezi wakakimbia. Alitangaza hata kondoo waliopotea. Wengi wa wakazi hawakuwa na simu za kisasa. Walipokea jumbe zake kama SMS kwenye kabambe. Mfumo ule ulifanya kazi kwa sababu watu walimjua chifu na walijuana nyumba kwa nyumba. Teknolojia iliharakisha tu kile ambacho kijiji kilikuwa nacho tayari.

Mfano wa pili ni Ushahidi. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zikiwaka, Kisumu na Nakuru zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia vibaya, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walijenga ramani ya kupokea taarifa za wananchi kwa SMS na intaneti. Miaka miwili baadaye mfumo huo huo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Na wa tatu bado unauma: Juni 2024. Vijana walichambua Mswada wa Fedha, mapendekezo ya serikali ya kuongeza kodi, kwenye TikTok na X, wakaueleza kwa Kiswahili, Kidholuo, Kikuyu, Kikalenjin na lugha nyingine, na maandamano yaliyoanza Nairobi yakafika Kisumu, Nakuru, Kakamega na kaunti nyingine nyingi. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imerekodi vifo vya watu 39 kwenye maandamano hayo. Yeyote anayezungumzia mwezi ule kwenye vikao vyetu huanza na hao.

Sina simu ya kisasa wala wafuasi. Naruhusiwa?

Ndiyo, na tunakuhitaji. Mama anayeuza omena Kibuye anajua bei ya kibanda, jina la anayekusanya ushuru na siku choo cha soko kilipofungwa. Mwenye wafuasi elfu hamsini hajui hata kimoja kati ya hivyo. Tukiwaketisha pamoja, kila mmoja anapata alichokosa.

Mnatumia lugha gani?

Kiswahili. Mtu akikwama anaongeza Kidholuo, Kiluhya au Sheng, na jirani yake anatafsiri. Tumeona kikao kikiendeshwa kwa Kiingereza kinawanyamazisha wale wale wenye habari.

Mnakutana lini na wapi?

Siku ya kazi, kuanzia saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu. Watu huuliza kwa nini si Jumamosi. Anayeishi huku anajua: Jumamosi ni siku ya mazishi, nusu ya wanachama wako kijijini Siaya, Vihiga au Homa Bay, na Waadventista wako kanisani. Jumapili kuna ibada na soko kubwa la Kibuye. Tukipita saa moja usiku nauli inapanda, na akina dada wengi hawataki kutembea gizani kutoka steji hadi nyumbani. Saa ya kumaliza ni ahadi, haisogezwi hata mjadala ukinoga namna gani.

Mahali: ukumbi wa jamii, chumba cha maktaba, darasa baada ya masomo, ofisi ya shirika. Kisumu ina pia LakeHub, kituo cha teknolojia ambacho kimekuwa makao ya vijana wa ubunifu kwa miaka mingi. Kwa wenzetu wa Kakamega wanaopenda hewa wazi kuna Muliro Gardens, ila soma swali linalofuata kwanza. Hoteli kubwa tunaziepuka. Mtu asiye na pesa ya soda hukaa kwa wasiwasi mahali ambapo mhudumu anamsimamia.

Tunahitaji kibali cha polisi?

Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma haitaki uombe ruhusa. Inataka utoe notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi unapoandaa mkutano wa hadhara au maandamano, angalau siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Mikutano ya kijamii, kitamaduni, kidini, ya hisani au ya kitaaluma haimo kwenye sharti hilo. Kikao cha ndani cha watu waliojuana hakijawahi kutuletea shida. Mkikaa bustanini mkiwa kundi kubwa, au mkitaka kutembea kutoka Kondele hadi ofisi za kaunti na mabango, andikeni notisi, ombeni nakala igongwe muhuri, na mwenye nakala hiyo awe mbele siku yenyewe.

Lazima tujisajili?

Mkikutana tu kuzungumza, hapana haja ya haraka. Mkianza kushika pesa za watu au kuandikia wafadhili, jisajilini. Njia rahisi kwa kundi dogo ni kuwa kikundi cha jamii chini ya sheria ya mwaka 2022, ambacho huhitaji watu wasiopungua kumi na hushughulikiwa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Mashirika makubwa yapo chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, ambayo ilipitishwa 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Nani analipia? Mnatoa nauli?

Tunachanga. Aliye nacho anaweka, asiye nacho anakuja tu. Nauli hatutoi, na hili linawaudhi wengine kwa sababu mashirika yamezoesha watu kulipwa ili wakae kwenye semina. Tunamsaidia anayetoka mbali na hana, kimya kimya, bila orodha ya kutia sahihi. Mkutano unaojaa kwa sababu ya bahasha utakwisha siku bahasha itakapokwisha.

Mwanasiasa akitaka kuhudhuria?

Aje kama mkazi, akae kwenye kiti kama wengine, azungumze zamu yake ikifika. Mwakilishi wadi anayekuja kusikiliza ni faida kubwa. Tunachokataa ni fulana, pesa za "kuwashika mkono vijana", na picha itakayotumiwa baadaye kudai kwamba sisi ni wa mheshimiwa fulani. Katika mwaka wa uchaguzi tunakaza zaidi. Hata akiwa ni mtu tunayempenda sote.

Tuna tatizo linalohusu kaunti. Tuanzie wapi?

Hapa ndipo kikao kinapopata thamani yake, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Tuseme choo cha soko kimefungwa. Kitu cha kwanza ambacho kila mtu hutaka ni kupiga picha na kuiposti na kumtaja gavana. Subiri. Kwanza ulizeni: choo hicho kiko chini ya nani? Kilitengewa pesa mwaka gani? Mkandarasi alilipwa? Bila majibu hayo, ofisa atajibu kwa sentensi moja kwamba "suala linashughulikiwa", na mtakuwa mmeishiwa maneno.

Majibu mnayapata kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, iliyotokana na Ibara ya 35 ya Katiba. Raia yeyote anaweza kuandika ombi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza anataka habari hizo za nini. Asiyejua kuandika anaweza kuomba kwa mdomo na ofisa anapaswa kuliandika. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Mnaweza kudaiwa gharama halisi ya nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikataa au wakinyamaza, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman, ndani ya siku 30. Andikeni ombi pale pale kikaoni, mtu mmoja alitie sahihi, mwingine alipeleke, wa tatu ahesabu siku. Andikeni kitu mahususi: mkataba wa choo cha soko fulani, mwaka fulani wa fedha. Ukiomba "taarifa zote za masoko", utapewa kurasa zisizo na jibu.

Kisha kuna kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti inapaswa kupitishwa kufikia 30 Juni. Kulalamika Julai kwamba choo hakimo kwenye bajeti ni kuchelewa. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, lakini tangazo la kikao cha umma mara nyingi hutokea siku chache kabla, kwenye gazeti ambalo sokoni hakuna anayelinunua. Hapo mitandao inafanya kazi yake halisi: mtu wetu analiona tangazo, anasoma kurasa zile ndefu, anarekodi sauti ya dakika mbili kwa lugha ya mama, na ujumbe unafika kwa wanaouza nyanya kabla ya siku yenyewe. Kwa maoni yangu, sauti ile ya dakika mbili ina uzito kuliko hashtegi iliyoshika namba moja nchini.

Picha ya choo mtaiposti baadaye, mkiwa na nakala ya mkataba mkononi.

Naweza kupiga picha na kurekodi kikao?

Uliza kwanza, kila mara. Tunatenga upande mmoja wa chumba kwa wasiotaka kuonekana. Watoto hawapigwi picha bila idhini ya mzazi: chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 mwaka 2023 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Ukienda hospitali au kwenye mafuriko ya Nyando au Budalang'i, mtu aliyepoteza nyumba si mapambo ya ukurasa wako. Mwombe, mweleze picha itakwenda wapi, na ukikataliwa weka simu mfukoni.

Tunajuaje kwamba habari ni ya kweli kabla ya kuisambaza?

Uliza nani aliiona kwa macho yake. Picha itafute kwa Google Lens. Ile ya mafuriko ya "leo Ahero" huenda ni ya nchi nyingine, miaka mingi iliyopita. Ujumbe ambao WhatsApp yenyewe imeutia alama kwamba umesambazwa mara nyingi, utilie shaka zaidi. PesaCheck na Africa Check huchunguza madai yanayozagaa Kenya, na PesaCheck huandika kwa Kiswahili pia. Lakini kwa habari za mtaani, mpigie simu mtu wa mtaa huo. Katika chumba chetu karibu kila mtaa una mtu wake.

Matamshi ya chuki dhidi ya kabila hatuyavumilii, hata kwa mzaha. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inayaadhibu, na Nakuru na Kisumu zinajua maneno hayo yalizaa nini.

Ni hatari? Mzazi wangu hataki nije.

Mzazi ana haki ya kuogopa. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay kuhusiana na chapisho la X lililomgusa afisa wa ngazi ya juu wa polisi, akafia mikononi mwa polisi Nairobi. Wiki moja tu kabla, Rose Njeri alikuwa amekamatwa kwa kutengeneza programu iliyowasaidia wananchi kutuma maoni yao kuhusu Mswada wa Fedha. Tarehe 20 Juni mahakama iliyakataa mashtaka dhidi yake.

Sheria ina pande mbili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano kilichotumiwa kuwakamata wanablogu, na 2017 ikafuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, nayo, imepingwa mahakamani tangu mwaka ule ule ilipopitishwa, na ilifanyiwa marekebisho 2025, kwa hiyo muulize wakili hali ikoje siku unayotaka kuchapisha jambo zito.

Kwa upande wetu: usiposti mahali mwenzako alipo wakati yupo. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zako. Andika namba ya wakili kwenye karatasi, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Sema ulichokiona na chenye ushahidi. Na mzazi akitaka kuja kuona tunafanya nini, mlete. Wazee wamekuja, wakakaa, na wengine wakabaki.

Nikitukanwa mtandaoni kwa sababu ya kazi hii?

Wanawake hutukanwa zaidi, na matusi yao ni ya aina nyingine: picha za uchi za kughushi, vitisho vya kubakwa, namba zao kusambazwa. Usijibu. Hifadhi ushahidi, picha za skrini zenye tarehe na jina la akaunti, kisha mpe mwenzako simu akusomee na kuripoti, ili usiyarudie maneno yale. Vitisho vya kweli peleka polisi ukisindikizwa. Kikao kijacho tunakuuliza unataka nini, na hatuposti chochote kwa niaba yako kabla hujasema.

Niko Webuye, au Molo, na hakuna mkutano. Nianzeje?

Tafuta watu wanne, si arobaini. Mmoja ajue simu, mmoja ajue ofisi za serikali, mmoja asikilizwe mtaani, na mmoja awe mtu anayefika kwa wakati. Chagueni tatizo dogo linaloweza kuisha ndani ya miezi mitatu: taa moja ya barabarani, dawa za zahanati moja, mtaro mmoja. Pangeni siku isiyogongana na soko wala mazishi. Mwisho wa kila kikao, andikeni kwenye daftari nani atafanya nini, na kikao kijacho kianze kwa kusoma daftari hilo kwa sauti. Kijana wa redio ya karibu mwalikeni mapema. Redio hufika ambako bando halifiki.

Tukisikia mmeanza, mmoja wetu atapanda matatu aje akae nanyi kikao cha kwanza. Nauli tutachanga sisi.